Mtu wa Upande wa Pili wa Kitanda

Katika nyumba niliyopanga kwa miaka minne huko Mbagala, ile nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, korido katikati na uani wenye choo kimoja, chumba cha tatu mkono wa kushoto kilikuwa cha fundi cherehani na mkewe. Fundi alipigwa na kiharusi katika mwezi wa Ramadhani, akarudishwa kutoka hospitali baada ya siku kumi na moja akiwa hawezi kuinua mkono wala mguu wa kulia, na tangu siku hiyo hadi alipofariki ikapita miezi kumi na minne. Sisi wapangaji wenzake tulimpa pole. Tulipopishana na mkewe koridoni tulimuuliza mgonjwa anaendeleaje, akajibu kwamba wanamshukuru Mungu, na kila mmoja akashika njia yake. Siku aliyofariki, turubai lilikuwa limesimama kabla ya adhuhuri, viti vya kukodi vimepangwa hadi barabarani, wanawake wako uani wanamenya vitunguu, na daftari la rambirambi lilipofungwa siku ya tatu lilikuwa na shilingi milioni mbili na laki sita na ushee.

Mjane alikuwa bado yumo ndani ya eda alipowaambia wanawake waliokwenda kumkalia maneno ambayo mke wangu aliyarudisha kwangu usiku ule, nami sijayasahau: hela alishukuru kuzipata, lakini katika miezi yote ile alichokitafuta hasa kilikuwa mtu wa kusimama upande wa pili wa kitanda.

Alikuwa na maana yake. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza huhitaji kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, vinginevyo ngozi ya kiunoni, ya nyonga na ya visigino hukosa damu na kuanza kufa, na hapo ndipo vinapoanzia vidonda vya kulalia ambavyo mara nyingi humtesa mgonjwa kuliko maradhi yenyewe. Mtu mmoja akijaribu kumgeuza mtu mzima peke yake humburuta, na huko kuburutwa juu ya shuka nako kunachuna ngozi. Wakiwa wawili kazi ni nyepesi: shuka hukunjwa na kulazwa chini ya kiuno, mmoja hushika pembe zake huku, mwingine kule, wakahesabu hadi tatu, wakainua. Haichukui hata dakika mbili. Ndani ya nyumba ile tulikuwamo watu wazima kumi na watatu, bila kuhesabu nyumba ya jirani ambayo madirisha yake yalikuwa yakitazama ya kwetu.

Naanza na habari hii kwa sababu naona mjadala wetu kuhusu jamii inayojali umekwama mahali pabaya. Kila anayesimama kwenye harusi, msikitini, kanisani au redioni husema kwamba utu umekwisha, kwamba mjini kila mtu na lwake, kwamba zamani tulikuwa ndugu. Ushahidi wa turubai lile unakataa. Watu waliochanga zaidi ya milioni mbili na nusu katika siku tatu, wengi wao wakiishi kwa biashara ya siku, hawakuwa watu waliokwisha utu. Moyo upo, na hela, kwa kiwango chake, zipo. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuufikisha moyo huo kwa mtu kabla hajafa, na jambo hilo ni tofauti kabisa na upungufu wa upendo, kwa kuwa upendo huwezi kuuamuru lakini utaratibu unaweza kuupanga.

Tuutazame msiba wenyewe kama fundi anavyotazama mashine inayofanya kazi vizuri. Msiba hutangazwa: anayefiwa hahitaji kuomba chochote, kwa sababu kilio chenyewe ni taarifa. Msiba una kazi zinazojulikana, na hakuna anayefika akauliza afanye nini. Vijana wanajua turubai na viti, wanawake wanajua jiko, wazee wanajua kaburi na mazungumzo na ndugu wa upande wa pili, na yupo mmoja mwenye mwandiko mzuri anayepewa daftari. Daftari hilo nalo si jambo dogo. Nimesikia wasomi wakilicheka, wakisema linageuza huruma kuwa hesabu, lakini mimi naona ndilo linalomwezesha mtu maskini kutoa elfu mbili yake leo akijua kwamba haikupotea, kwamba siku yake ikifika jina lake litatafutwa ukurasa baada ya ukurasa. Msiba, tena, una mwisho. Tanga likishaanuliwa, kila mtu amemaliza deni lake na anaweza kurudi kwenye shughuli zake bila kuonekana amemtupa mwenzake.

Ugonjwa wa muda mrefu hauna hata kimoja kati ya hivyo. Hautangazwi, na mara nyingi hufichwa, na methali yetu inayosema mficha maradhi kilio humfichua imemtwika mgonjwa lawama yote bila kuuliza ni nani angekuja kama angeyatangaza. Hauna kazi zinazojulikana. Anayekwenda kumjulia hali mgonjwa hubeba machungwa au paketi ya juisi, hukaa kwenye ncha ya kiti, husema Mungu atakupa afueni, na baada ya robo saa hutafuta namna ya kuaga. Hauna daftari. Wala hauna mwisho unaoonekana, na nadhani hilo ndilo linalotutisha zaidi ya yote. Mtu anaogopa kwamba akiingia mara moja kusaidia kugeuza, kesho ataitwa tena, na keshokutwa, na siku atakayoshindwa ndiyo atakayoonekana mbaya. Hivyo hupita koridoni haraka. Mimi mwenyewe nilipita koridoni haraka.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Dar es Salaam, jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabu kuwa na watu 5,383,728, na kwamba kijijini mgonjwa hawezi kukosa mtu wa kumgeuza. Kwa kiasi fulani ni kweli, hasa pale ambapo ukoo mzima unaishi shamba kwa shamba. Lakini tusijidanganye kwamba ukaribu peke yake huzaa huruma. Usukumani, mahali ambapo watu wanajuana vizazi na vizazi, wamewahi kuuawa vikongwe kwa kushukiwa uchawi kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu huo ulitokana na miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya nyumba zenye moshi. Waliowatuhumu hawakuwa wageni. Na kule ambako kuzikana ni sheria isiyoandikwa, anayekosa kwenda mazikoni hutengwa, na kitisho hicho cha kutengwa kilikuwa sehemu kubwa ya ule ushirikiano tunaoukumbuka leo kwa machozi. Zamani nako palikuwa na utaratibu, na adhabu ya kuuvunja. Tunakumbuka joto lake tu.

Dola nayo iliwahi kujaribu kuusimika utaratibu huo. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha mwaka 1962 juu ya ujamaa, aliujenga msingi wa siasa yake juu ya familia ya Kiafrika iliyopanuka, na akaikumbusha methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ili kuonyesha kwamba kutunzwa na kufanya kazi vilikuwa kitu kimoja. Katikati ya miaka ya 1960 TANU ikaweka mabalozi wa nyumba kumi. Balozi alikuwa jicho la chama, na hilo lina ubaya wake ambao sitauficha, lakini alikuwa pia mtu ambaye kazi yake ilikuwa kujua: nani kapata mgeni, nani kagombana na mkewe, nani hajaonekana nje kwa siku tatu. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, mabalozi walibaki upande wa chama, na serikali ya mtaa ikabaki na mwenyekiti wake ambaye katika jiji anaweza kuwa na maelfu ya wakazi na muhuri mmoja. Unamwendea ukitaka barua ya utambulisho. Yeye hana sababu ya kukuijia wewe. Hatukuziba pengo hilo. Tulilizoea tu, kila mtu akafunga geti lake.

Kama kuna mahali ambapo nchi hii ilijifunza kumuuguza mtu nyumbani kwa mpango, ni katika miaka ya ukimwi. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983, wakati ugonjwa ukiitwa Juliana kwa jina la vitambaa vilivyokuwa vikivushwa kutoka Uganda, na kwa zaidi ya miaka ishirini iliyofuata, hadi serikali ilipoanzisha mpango wa kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo mwaka 2004, hospitali hazikuwa na la kufanya zaidi ya kumrudisha mgonjwa kwao. Vikundi vya huduma za wagonjwa majumbani, vingi vikiwa vya makanisa na vya wanawake, vilifundishwa mambo ya mikono: kuosha, kugeuza, kulisha, kufua shuka, kumpumzisha anayeuguza ili alale usiku mmoja. Walikwenda katika nyumba ambazo majirani walikuwa wameacha kunywa maji. Ujuzi huo haukurithiwa na magonjwa mengine. Dawa zilipofika, na tunashukuru zilifika, vikundi vingi vilibaki na kazi ya kufuatilia dawa, na mgonjwa wa kiharusi au mzee aliyepoteza kumbukumbu hakupata wa kumrithisha ile elimu ya shuka lililokunjwa.

Nje ya mipaka yetu upo mfano ninaoupenda zaidi. Katika milima ya Kigezi na Ankole, kusini magharibi mwa Uganda, kuna vyama vya kijiji vinavyoitwa engozi, jina la machela ya kubebea mgonjwa. Kwa kuwa mlima hauna barabara, wanakijiji hujiandikisha kwa zamu kumbeba mgonjwa mabegani hadi gari au hospitali inapopatikana, na asiyefika siku ya zamu yake hulipa faini. Vyama hivyo husaidia mazishi pia, na vingi vina mfuko wa kukopeshana. Lakini ona vilikoanzia: chama kilizaliwa kutokana na mwili wa mtu aliye hai, na uzito wake, na swali la nani atakamata mti wa mbele na nani wa nyuma. Jambo la kuhuzunisha kidogo, ukitazama vyama vyetu vya mijini vyenye katiba, mihuri na akaunti, ni kwamba sisi tulianza na jeneza.

Sisemi hivyo kwa kejeli. Jina lenyewe la vikundi vyetu, vikundi vya kufa na kuzikana, linasema yote: lina kufa, lina kuzikana, halina kuugua. Katiba tatu za vikundi vya aina hiyo nilizopata kuzisoma zinafanana kana kwamba ziliandikwa na mtu mmoja. Kufiwa kumefafanuliwa kwa uangalifu mkubwa, mzazi ni kiasi gani, mwenza kiasi gani, mtoto kiasi gani, mkwe anahesabiwa au hahesabiwi. Ugonjwa umepewa mstari mmoja: mwanachama akilazwa kwa siku tatu au zaidi atapewa Sh50,000 kwa kuonyesha karatasi ya hospitali. Neno lenye kasoro hapo ni kulazwa. Fundi wetu alilazwa siku kumi na moja na kikundi kililipa siku hiyohiyo, kwa haki kabisa. Halafu akarudishwa nyumbani, na kwa mujibu wa katiba akawa amepona. Miezi kumi na minne iliyofuata haikuwa na kifungu.

VICOBA vimekaribia zaidi, kwa kuwa pembeni ya hisa na mikopo vina mfuko wa jamii ambao kila mwanachama huuchangia kiasi kidogo kila kikao, na fedha zake hukaa ndani ya lile sanduku la kufuli tatu ambalo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Mtindo huo wa kuweka na kukopa vikundini, ambao mizizi yake ni Niger mwaka 1991, umeenea kwetu kiasi kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi vya kijamii kama daraja lake la nne. Nidhamu ya sanduku lile hunistaajabisha kila ninapoiona: watu wasiokuwa na dhamana yoyote benki wanafika kwa wakati, wanalipa faini ya kuchelewa bila kunung'unika, wanahesabu hela kwa sauti mbele ya wote. Nidhamu hiyo ingeweza kuhesabu saa kama inavyohesabu shilingi. Lakini hata mfuko wa jamii hutoa hela, na hela haishiki pembe ya shuka.

Simu imelikoleza jambo hili. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu ziingie, Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka 2008, imekuwa rahisi kumjali mtu bila kumwona. Sizitukani; mtoto aliye Muscat au Mwanza anayelipia dawa za mama yake aliye Lindi anafanya jambo kubwa ambalo babu zetu wasingeliweza, na wenzetu Wakenya wamefika mbali katika harambee za bili za hospitali. Ila ujumbe wa muamala una tabia ya kufunga mazungumzo. Ukishatuma, umetoa, na kidole gumba kilichoinuliwa kwenye kundi la mtaa kinakuthibitishia kwamba umetoa, huku mwenye mgonjwa akiwa na elfu ishirini mkononi na mikono miwili ileile.

Nitaulizwa kazi ya serikali ni ipi. Ipo, tena kubwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mapema mwaka 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaokusudia kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Mpango huo ukitekelezwa kama ulivyokusudiwa, mtaa utampata tena mtu ambaye kazi yake ni kujua, safari hii bila kazi ya kuchungulia siasa za watu, na naye ndiye anayestahili kuwafundisha majirani kugeuza, kusafisha kidonda na kutambua hatari. Lakini mhudumu mmoja mwenye kaya nyingi hatafika chumba cha tatu mara kumi na mbili kwa siku. Hakuna bajeti ya nchi yoyote ya hali yetu itakayomfikisha. Wa kufika ni aliye chumba cha nne.

Hapo ndipo linapoibuka jambo ambalo makala nyingi za mshikamano hulikwepa: aliye chumba cha nne ni nani? Tukisema jamii iuguze, na tukaishia hapo, tumesema wanawake wauguze. Ndiyo ilivyokuwa katika vikundi vya miaka ya ukimwi, ndivyo ilivyo leo, na mwanamke mwenye genge, watoto na maji ya kuteka haongezewi heshima kwa kuongezewa mgonjwa wa jirani. Utaratibu wowote usioandika majina ya wanaume kwenye zamu ni unyonyaji uliovikwa kanzu ya wema. Na sababu ya kuwaandika haipo katika haki tu. Fundi alikuwa na kilo themanini.

Wanaume wa mtaa wetu, nikilisema hili, hunijibu kwamba si desturi, kwamba kumwosha na kumgeuza mgonjwa ni kazi ya mke au dada, kwamba ni aibu kuuona mwili wa mwenzako. Lakini sote tunajua kwamba maiti ya mwanamume huoshwa na wanaume. Mtaani kwetu wapo wanne wanaoitwa kwa kazi hiyo, watu wa heshima, wasioogopa wala kuona kinyaa, wanaojua namna ya kumsitiri mtu huku wakimsafisha, kumgeuza ubavu wa kulia na wa kushoto kwa upole na bila kusema baadaye walichokiona. Wawili kati yao walimwosha fundi. Walimgeuza kama inavyopasa, kwa mikono minne, siku ambayo mgongo wake haukuwa tena na maumivu. Desturi tunayo, basi, na waliofundishwa tunao, ila tumewapa saa moja tu ya maisha ya mtu, nayo ni ile ambayo imeshapita.

Kikundi chetu kiliujadili mstari wa kulazwa katika vikao viwili vilivyokuwa vikali kuliko nilivyotarajia. Mweka hazina alihofia kwamba tutafungua mlango usiofungika, na hofu yake ilikuwa ya haki, kwa hiyo tuliufunga kwa masharti: zamu ya kila mwanachama ni wiki moja, mara mbili kwa siku, alfajiri na baada ya isha, wiki ikiisha jina linalofuata linaingia, asiyeweza atafute wa kumshikia nafasi, asiyefika bila taarifa atalipa Sh2,000, na mwenye mgonjwa anaweza kusema hapana, kwa kuwa nyumba ni yake. Daftari limenunuliwa jipya, kwa sababu wazee walikataa kata kata majina ya walio hai yaandikwe katika lile la rambirambi. Mara mbili kwa siku si mara kumi na mbili, na anayeuguza bado ataamka peke yake usiku wa manane. Ndipo tulipofika.

Mgonjwa wa kwanza kuandikwa ni mama mmoja aliyeanguka bafuni akavunjika nyonga, na wanawake ndio wanaomshika. Wa pili ni mzee wa nyumba ya kona, mwanamume mzito, mwenye mtoto mmoja wa kike. Wiki yake ya kwanza ilimwangukia kijana ambaye miaka yote amekuwa akisimamia turubai letu misibani, mtu anayejua kufunga kamba gizani na kuwapanga watu mia mbili kwenye viti themanini. Alfajiri ya kwanza nilikwenda naye. Alivua viatu mlangoni, akaingia, akasimama upande wa pili wa kitanda, akayatazama yale mashuka, kisha akamgeukia binti wa mzee na kumuuliza kwa sauti ya chini ashike wapi.